Serikali ya Kuomba Hewa

Walinichagua kuwa Mwenyekiti kwa sababu sikumtisha mtu. Nalisema hili bila kinyongo. Miji sita ya sayari ya Zuhura ilipoifukuza Kampuni iliyotutawala, kila mji ulikuwa na shujaa wake, na kila shujaa alikuwa tayari kuiongoza mingine mitano. Walibishana mpaka sauti zikawakauka. Mwishowe mtu mmoja wa viti vya nyuma akasema, "Si mumpe yule mama anayesherehesha harusi." Nilikuwa nimesherehesha harusi katika miji yote, nimewatania mabwana harusi wa kila ukoo, na sikuwa na ugomvi na mtu. Ndivyo mimi, Tunu Makwaya, nilivyokuwa kiongozi wa kwanza wa Shirikisho huru la Zuhura, mwenye ofisi ya chumba kimoja, fundi mmoja, na birika la chai nililotoka nalo nyumbani.

Mkataba wetu ulikuwa mfupi. Shirikisho halitamwamuru mtu wala halitatoza kitu. Likihitaji jambo litaomba, na kila mji utajibu kwa ahadi kadiri ya moyo wake. Tuliuandika tukiwa tumetoka tu kuvunja mlango wa ofisi ya Kampuni, na neno "amri" lilikuwa likitutia kichefuchefu. Siku ile nilipiga vigelegele hadi koo likaniuma. Hakuna aliyekumbuka kwamba sote tumekulia kwenye kamati za harusi, na tunajua fika ahadi za harusi zinavyoishia.

Rangi ya bendera ilikuwa bado mbichi, mji wa Kipepeo ukaanza kuzama.

*

"Kipepeo kimeshuka tena, Mama Mwenyekiti," alisema Kalembo, yule fundi wangu mmoja. Alikuwa kijana mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kuleta habari mbaya akiwa ameshika kikombe changu cha chai, ili nisione kuwa ubaya huo ni wake.

"Sana?"

"Wanafungua madirisha ya ndani na bado wanatoka jasho."

Walioko Duniani wataniwia radhi nikieleza kidogo. Sisi hatukanyagi ardhi ya Zuhura. Kule chini madini ya risasi yanayeyuka kama samli. Tunaishi juu mawinguni, ambako joto ni la Dar es Salaam ya Februari, na kinachotuweka juu ni hewa yetu wenyewe. Hewa ya Zuhura ni nzito mno, na hii ya kwetu, ya kuvuta puani, ni nyepesi kuliko ile. Kwa hiyo kila mji ni puto kubwa lililojaa hewa ya watu, na watu wenyewe wanaishi humo humo ndani, na bustani zao na shule zao. Tunachovuta ndicho kinachotubeba. Mji ukipungukiwa hewa, watu wake watateremshwa taratibu kuelekea lile jiko la chini kabla hata hawajaanza kuhema.

Puto la Kipepeo lilikuwa limeoza mshono. Mafundi walikuwa wameliziba kila walipofika, lakini kitambaa chenyewe kilikuwa kimechoka, na kitambaa kipya cha mji mzima kilikuwa bado kinafumwa. Mpaka kikamilike, Kipepeo walihitaji hewa ya wenzao. Na mji ukitoa hewa, wenyewe hushuka kidogo. Juu kuna jua na mboga zinazostawi, chini kuna mvuke na vipele. Sasa nani anataka kushuka?

Nikawaita wajumbe redioni, nikaomba. Kuomba najua, ndiyo kazi niliyoifanya miaka yote. Mheshimiwa Rwegoshora wa mji wa Rutuba alianza, kwa Kiswahili chake kile kilichopigwa pasi, akaahidi hewa ya kutosha shule nzima. Mji wa Mtambo haukutaka kuonekana mnyonge, ukaahidi zaidi. Bweni wakasema wao ni watani wa Kipepeo, hawatoi kitu ila kejeli, lakini kwa leo wataahidi na wao. Kufikia mwisho wa kikao Kipepeo kingepaa hadi kutugonga vichwa. Nilicheka kwa furaha. Nilimwambia Kalembo, unaona, watu wetu wana moyo.

Tukasubiri. Hewa haikuja. Rutuba walisema inaandaliwa, na Mtambo walisema wanawasubiri Rutuba waanze. Nilimpigia Rwegoshora mpaka mke wake akaizoea sauti yangu.

"Mwenyekiti, ahadi yangu ipo palepale," aliniambia.

"Ndiyo tatizo lake, Mheshimiwa. Ipo palepale. Isogee kidogo basi."

Alicheka sana. Ni mtu mzuri, Rwegoshora, sitaki mumchukie. Hakuwa na nia mbaya, na wala hakutuma hewa.

*

Ofisi yetu ya Shirikisho ndiyo ilikuwa ofisi ya udhibiti ya Kampuni. Kalembo alikuwa akivuta kabati ili azibe tundu, akakuta nyuma yake kijisanduku chekundu chenye ufunguo. Aliniita kwa sauti ya chini, ingawa tulikuwa wawili tu.

"Yale matishari yaliyolala mapaani," alisema. "Bado yanasikia."

Niliketi. Tishari ni chombo chetu cha kusafiria, puto nene lenye behewa chini yake, na tunayo kwa mamia. Lakini kila mji ulikuwa pia na tishari moja la Kampuni, lisilo na nahodha, limejibana juu ya paa. Kampuni ilipotaka kuadhibu mji, iligeuza ufunguo, tishari likafyonza hewa ya mji na kuipeleka kwingine. Sote tuliamini yamekufa siku tuliyoikata mitambo. Tulicheza ngoma juu yake.

"Ukigeuza hapa," Kalembo alisema, "kila moja litafyonza kidogo tu, sawa kwa sawa. Kipepeo kitakuwa juu kabla hawajamaliza kulalamika."

Nilipokuwa mtoto, mji wetu wa Ukingo uligoma kufanya kazi. Kampuni ikageuza ufunguo. Nakumbuka mama akimpepea mdogo wangu Mashaka kwa mfuniko wa sufuria, na midomo ya Mashaka imekuwa ya kijivu. Aliishi, lakini hakuweza tena kukimbia, na alikuwa mtoto wa kukimbia. Nilikichukia kile kisanduku kwa moyo wangu wote. Niliogopa pia kwamba nilikuwa nimefurahi kukiona.

"Kitu hiki hakiombi," nilisema.

"Ndiyo uzuri wake, Mama."

"Nikikigeuza leo, kila mji utajua kwamba tunacho. Siku nitakayotoka mimi, atakayeingia atakikuta mezani."

Kalembo aliweka kikombe changu chini. "Dada yangu ameolewa Kipepeo. Amejifungua. Namheshimu sana Mkataba, Mama, lakini mimi ni mjomba wa yule mtoto."

 Nilimwambia hivi: chini ya Kipepeo kuna tabaka la ukungu wa njano, na mji ukiugusa ukungu ule, plastiki inaanza kulainika. Ukiugusa, nitageuza ufunguo kwa mkono wangu mwenyewe, kisha nitajiuzulu. Kalembo akakubali. Nilitia kisanduku kwenye mkoba wangu, kati ya leso na miwani, tukapanda tishari kwenda Kipepeo.

*

Meya wa Kipepeo, Bwana Hokororo, alitupokea akiwa amevaa kaptula na tai. Tai ilikuwa ya heshima kwangu, kaptula ya joto.

"Karibu serikali," alisema. "Tungekuchemshia chai, ila hapa inachemka yenyewe."

Watu walikuwa wakifanya kazi zao kanga viunoni. Dada yake Kalembo alikuwa amemlaza mtoto kwenye beseni la maji, na mtoto alikuwa akilipiga maji teke kwa raha. Kalembo aliinama kumnusa kichwani. Tulizunguka mjini, kila mtu akinisalimu vizuri, akiuliza habari za nyumbani, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza hewa itakuja lini. Adabu ile iliniumiza kuliko matusi.

Tukakaa barazani kwa Hokororo. Nilimweleza ahadi zote, moja baada ya nyingine, naye akawa anatikisa kichwa na kutabasamu.

"Hao nawajua," alisema. "Harusi ya binti yangu walifanya vivyo hivyo. Bweni waliahidi ng'ombe, wakaleta kadi yenye picha ya ng'ombe. Lakini mama yangu alipofariki, Mwenyekiti, sikumwalika mtu. Nilifungua mlango nikawakuta wote wamejaa. Tungekuwa tumekufa, wangeshafika."

Alisema kwa mzaha, akaendelea kujipepea. Mimi sikucheka. Nilikuwa naiwaza kauli yake. Ni kweli kwamba harusi yetu ina kamati na kadi na viporo vya ahadi. Msiba hauna kamati ya kuahidi. Mtu akisikia, anavaa viatu.

"Bwana Meya," nilimwambia, "mtangaze matanga."

"Ya nani?"

"Ya mji."

Hokororo alinitazama kama anayetafuta homa. Kisha tumbo lake likaanza kucheka kabla ya mdomo, na alipotulia akamwita mtu wa redio. Tangazo lilisomwa kwa sauti ya majonzi kabisa: mji wa Kipepeo unasikitika kuutangaza msiba wake wenyewe, unaotarajiwa wakati wowote, matanga yanaanza kesho asubuhi, watani popote walipo wajulishwe.

Watani ni Bweni, kama nilivyosema. Asili ya utani wao ni zama za Kampuni, wakati babu zao na babu wa Kipepeo walipolalia vitanda vilevile kwa zamu. Huyu akiamka kwenda kazini, yule anaingia kwenye shuka lenye jasho la mwenzake. Waligombana miaka, wakachoka, wakageuza ugomvi kuwa utani. Na desturi ya mtani msibani mnaijua. Anakuja mikono mitupu, anakula wa kwanza, anamdhihaki marehemu, na akikipenda kiti anaondoka nacho, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia.

Matumaini yangu yalikuwa haya: Bweni watakuja kucheka, wataona mtoto kwenye beseni, wataona aibu, watarudi kuleta hewa.

*

Asubuhi turubai lilikuwa limefungwa uwanjani na sufuria za pilau ziko mekoni. Akina mama wa Kipepeo walilia kilio kizuri cha kujaribia, wakaacha kwa kicheko. Tishari la kwanza la Bweni lilitokea mawinguni, na nyuma yake la pili, na nyuma ya hilo sikuweza tena kuyahesabu. Nahodha Lugome, kiongozi wao, alishuka akiwa amejifunga shuka kichwani.

"Tumesikia mmekufa," alisema. "Hatimaye. Marehemu alikuwa mvivu na shuka letu hakulirudisha. Chakula kiko wapi?"

Kipepeo wote walicheka. Nilichungulia ndani ya tishari lake. Halikuwa na chupa hata moja ya hewa. Lilikuwa tupu, limefagiliwa. Na mengine yalikuwa vilevile.

Wakafuata Mtambo. Wao si watani wa Kipepeo hata kidogo, lakini walikuwa wamegundua asubuhi ile kwamba ni watani, kwa upande wa bibi. Kisha Rutuba, na Mheshimiwa Rwegoshora mwenyewe katika suti nyeusi. Aliniambia kwa heshima kubwa kwamba wazee wake wamemthibitishia utani wa tangu zamani, na kwamba kwa desturi, kama nijuavyo, mtani haleti kitu. Kufikia wakati pilau linapakuliwa, miji yote ilikuwa watani wa Kipepeo, matishari yamefungwa paani yamebanana, na hakuna aliyekuja hata na chumvi.

Nilikasirika kwelikweli. Maisha yangu yote nimeutegemea moyo wa watu wale, nimeuombea shangwe kwa kipaza sauti, na sasa niliwaona wakila pilau la mji unaozama na kuomba ndimu. Nilitoka nje ya turubai. Kalembo alikuwa kwenye nguzo ya kipimo cha kimo cha mji, amegandisha macho kwenye mshale.

"Ukungu wa njano?" niliuliza.

"Tulikuwa tunaukaribia sana tangu alfajiri, Mama."

Nilifungua mkoba. Leso ilianguka, sikuiokota. Nilishika ufunguo, ulikuwa wa moto kama kila kitu kule, nikamfikiria Mashaka, nikamfikiria mtoto wa kwenye beseni, na nikajua kwamba nitaugeuza. Nilikuwa nimeahidi. Ufunguo ulikuwa umeanza kugeuka.

Kalembo aliniwekea mkono wake juu ya wangu.

"Subiri."

"Wewe ndiye uliyetaka."

"Nilitaka. Subiri kwanza. Mshale umesimama."

Tuliutazama pamoja. Tishari jingine lilikuwa linafungwa paani, la wachelewaji kutoka mji wa Karakana. Mshale ukatikisika, ukasogea. Ulikuwa unapanda.

Kalembo alianza kucheka, yule kijana mkimya, akakaa chini kabisa kwenye sakafu. Alinieleza huku akifuta machozi. Tishari likisafiri bila mzigo hubeba tindikali ya mawinguni tumboni ili lisipae ovyo. Likifika bandarini huimwaga kabla ya kufungwa, maana tindikali ikidondoka hula paa la mwenyeji, na kufanya hivyo ni ukosefu wa adabu. Kwa hiyo tishari tupu lililofungwa halina cha kulizuia ila kamba. Linavuta kwenda juu muda wote. Moja halifui dafu. Lakini hatukuwahi kuyaona mengi yamefungwa mahali pamoja, Kampuni ilikuwa hairuhusu misongamano.

"Na kama wangeleta mizigo?" niliuliza.

"Wangeleta magunia ya ubani na mchele, Mama, wangetuzamisha."

*

Nilirudi ndani nikachukua kipaza sauti. Niliwaambia habari ya kamba zao, na kwamba ubahili wao ndio unaowabeba wenyeji. Kicheko kilikuwa kikubwa, na Lugome alisimama akapokea pongezi kama bwana harusi. Niliacha wacheke. Kisha nikakiweka kile kisanduku chekundu mezani, kati ya sinia la pilau na jagi la maji, na nikawaambia na habari hiyo pia.

 Wazee walikitambua mara moja. Mama mmoja wa Mtambo alirudisha kiti chake nyuma.

"Kwa hiyo ungetufyonza," alisema Lugome. Shuka lilikuwa bado kichwani lakini uso haukuwa wa utani.

"Ningewafyonza. Ufunguo ulikuwa umeshageuka nusu."

"Bila kutuomba."

"Niliwaomba, Nahodha. Kila siku."

 Rwegoshora aliyatazama mabaki ya pilau kwenye sahani yake, akasema polepole, "Alituomba kweli. Mke wangu ni shahidi." Na hapo hapo, bila mtu kumwelekeza, akamwita nahodha wake na kumwambia akitoka pale aende akaling'oe masikio lile tishari la Kampuni la Rutuba. Wengine wakasema vivyo hivyo kwa miji yao. Rwegoshora akainuka, akatoa pendekezo kwamba matishari yabaki yamefungwa hadi kitambaa kikamilike, na kwamba kila mji uahidi...

"Leo hatuahidi, Mheshimiwa," nilimkatiza. "Kamba zimeshafungwa. Ninachoomba ni kimoja. Mtu asifungue kamba yake mpaka apatikane wa kushika nafasi yake."

Wote walinyanyua mikono. Nilikuwa nimeshaona mikono mingi ikinyanyuliwa, kwa hiyo sikupiga vigelegele.

Mchana ulisonga, joto likapungua kiasi cha watu kuvaa mashati. Niliketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa paani, nimechoka, nakula ukoko. Nikamwona Lugome anakwenda kwenye kamba yake. Alikuwa amebeba kiti cha Hokororo, kwa haki ya utani. Hokororo alimfuata anacheka.

"Wapi, mtani?"

"Nyumbani. Mke wangu hajui niko wapi."

"Kaombe serikalini basi," Hokororo alisema, akaniashiria kwa kidole.

Nadhani alitania. Lugome alisimama. Hapakuwa na askari pale, wala sheria, wala ufunguo, maana kisanduku Kalembo alikuwa ameshakivunja kwa nyundo. Kulikuwa na fundo moja la kamba, na mwanamume yule alikuwa akifungua mafundo tangu utotoni. Alilitazama. Kisha akaja mpaka kwenye kiti changu, akavua shuka kichwani.

"Mwenyekiti," alisema, "naomba ruhusa niondoke."

Tangu tupate uhuru hakuna aliyewahi kuniomba ruhusa ya jambo lolote. Niliweka ukoko chini. 

"Akija wa kushika nafasi yako, utaondoka."

"Atakuja lini?"

"Sijui, baba. Nitamwomba mtu."

Lugome aliguna. Aliangalia kamba mara moja tena, akaangalia mji ule chini yake, watu wakiosha masufuria. Akakiweka kile kiti cha Hokororo kando ya changu, akakaa.